Mkazi, mwenyeji, raia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara pale steshenari, Mtwara

Nina steshenari ndogo Chikongola. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, najaza fomu za mtandaoni na kuwaandikia barua wasiopenda kuandika. Karibu kila anayeleta fomu ana swali lilelile, ila kila mtu analivalisha nguo yake: mimi ni wa hapa au si wa hapa? Mmoja anauliza kwa sababu mwanawe amekwama kwenye pasipoti, mwingine kwa sababu kasikia uani wakisema "yule si wa kwetu". Nimechoka kujibu kwa mdomo huku foleni ya kopi inanuna, nikaona niandike. Mimi si mwanasheria wala ofisa Uhamiaji. Nimeandika sheria inavyosomeka na mambo yanavyokwenda mezani. Penye maoni yangu utayatambua.

Kwani raia na mkazi si kitu kimoja?

Si kitu kimoja. Uraia ni kifungo chako na Jamhuri ya Muungano. Unaongozwa na Sheria ya Uraia ya Tanzania, Namba 6 ya mwaka 1995, na unatembea nao ukiwa Mtwara, Mwanza au Muscat. Ukazi ni kifungo chako na mahali: unalala wapi, taka zako anazoa nani, mwanao anasoma shule gani, jirani gani atashika jeneza lako. Mtu aweza kuwa na kimoja akakosa cha pili. Kijana wa Newala aliyeko Muscat mwaka wa nane ni raia asiye mkazi. Fundi wa kigeni wa mitambo ya gesi aliyepanga Shangani ni mkazi asiye raia, na vivyo hivyo mama aliyezaliwa Palma, Msumbiji, anayekaanga samaki gulioni.

Vurugu nyingi ninazoziona zinaanzia hapo. Ofisi inauliza hiki, mtu anajibu kile.

Nimewasikia watu wa miradi wakisema "uraia wa mji". Ndiyo nini hiyo?

Wanamaanisha kwamba mji nao una watu wake, wenye haki na wajibu ndani yake, hata kama taifa haliwatambui kuwa raia. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko mataifa. Mtu alikuwa raia wa Athens au wa Venice kabla hajawa raia wa nchi. Roma, uliokuwa mji, iliugawa uraia wake kwa karibu watu wote huru wa dola yake mwaka 212. Katika miji mingi ya Ujerumani ya zama za kati, mtwana aliyetoroka akakaa mjini mwaka mmoja na siku moja bila bwana wake kumdai alihesabiwa mtu huru. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 uraia ukahamia kwenye taifa, mji ukaachiwa kuzoa taka na kutoza ushuru.

Sisi lugha yetu iliyatenga mapema. "Raia" tumelitoa kwenye Kiarabu, na asili yake ni watu walio chini ya mtawala, kama kundi chini ya mchungaji. Mji haumo. Neno lenye mji ndani yake ni "mwenyeji": litamke polepole utasikia "mwenye mji". Mfaransa analazimika kuyabeba yote mawili kwa neno moja. Sisi tunayo mawili, halafu tunayachanganya wenyewe.

Basi mwenyeji wa Mtwara ni nani?

Hapo utazua ugomvi, lakini tujaribu.

Anzia Kilwa, kule mkoa wa Lindi. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliikuta Kilwa ikiwa na sultani wake, na mji huo ulipiga sarafu zake wenyewe. Mtu alikuwa wa Kilwa, basi. Hakukuwa na taifa juu yake la kumpa karatasi. Kwenye miji ya pwani namna hiyo, na Mikindani yetu mmojawapo, mgeni hakuomba cheti. Alikaa, akaoa, akatoa ada na karamu zilizotakiwa, akaonekana msikitini na mazikoni, na watoto wake wakawa wa mji. Tusijidanganye hata hivyo kwamba mlango ulikuwa wazi kwa kila mtu. Mtumwa alilima mashamba ya mji uleule akafa bila kuitwa mwenye mji, na aliyetoka bara alikumbushwa bara lake mpaka kwa wajukuu.

Mtwara mjini ni hadithi nyingine kabisa. Mji huu ulikua kwa sababu ya mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 ukafutwa 1951. Walihitaji bandari ya kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga hazikuja, bandari ikabaki, reli ikang'olewa, na sasa tuna kata inaitwa Reli isiyo na reli. Waliojaa mjini walitoka kwingine: Wamakonde wa Newala na Tandahimba, Wayao na Wamakua wa Masasi, Wamwera wa Lindi, Wahindi wa maduka, na siku hizi Wachaga na Wasukuma. Ukiwaondoa wote wenye asili ya kwingine, utabaki na bahari na minazi. Kwa hiyo mtu akikupigia kifua kwamba yeye ndiye mwenyeji, muulize kwa heshima, "Mzee, babu aliteremka lini kutoka Makonde?" Kwa kawaida mazungumzo huwa mazuri kuanzia hapo.

Barua ya serikali ya mtaa inathibitisha nini hasa?

Inathibitisha kwamba mtendaji anakujua, au anamwamini aliyemwambia kwamba anakujua. Lakini angalia inakofika: kufungua akaunti benki, kumtolea mtu dhamana, kuomba mkopo, kuandikishwa NIDA (wale wa vitambulisho vya taifa), kuomba pasipoti. Uhamiaji wana sheria na mihuri, ila wakitaka kujua wewe ni nani wanarudi kuuliza mtaani. Ufunguo wa mlango wa taifa unaning'inia msumarini kwenye ofisi ya mtaa.

Ndiyo maana naona raia kamili wanaokwama. Kijana mmoja wa bodaboda, mzaliwa wa Nanyamba, wazazi wote Watanzania, alirudishwa mara tatu na ofisi moja kwa sababu alihama vyumba vinne ndani ya mwaka na hakuna mwenyekiti aliyemkumbuka. Wakati huohuo kuna bibi upande wa Majengo ambaye kila mtu anamjua mpaka jina la mbuzi wake, na karatasi ya uraia hana. Wa kwanza ana taifa, hana mtaa. Wa pili ana mtaa, hana taifa. Wote wawili wanakaa kwenye benchi langu wakisubiri kopi.

Ushauri wangu: ukihamia mtaa mpya, wiki ya kwanza nenda kajitambulishe, tena uende na barua ya utambulisho kutoka mtaa uliotoka. Na uwatofautishe viongozi. Mwenyekiti wa mtaa anachaguliwa. Mtendaji ameajiriwa. Balozi wa nyumba kumi, tangu vyama vingi virudi mwaka 1992, ni kiongozi wa chama na si wa serikali, ingawa bado utasikia "pitia kwa balozi kwanza". Ukipita hupungukiwi kitu. Wewe jua tu kwamba sahihi yake haichukui nafasi ya ile ya mtendaji.

Nina namba ya NIDA. Si ushahidi tosha wa uraia?

Namba peke yake haitoshi. NIDA inawaandikisha raia, wageni wakazi na wakimbizi, kila kundi na kitambulisho chake, kwa hiyo tazama kitambulisho chako ni cha kundi gani. Namba ina tarakimu 20; 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, zinazofuata ni za eneo. Mimi hufurahi nikiona ya hapa kwetu inaanza na 63 hapo katikati. Hata namba ya taifa haikuweza kuandikwa bila kutaja mahali.

Mwanangu amezaliwa hospitali ya Ligula, cheti ninacho. Ni raia huyo, au?

Cheti cha kuzaliwa kinathibitisha kuzaliwa. RITA, wakala wa kusajili vizazi na vifo, humpa hata mtoto wa wageni. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Uraia kinazungumzia waliozaliwa ndani ya Jamhuri tangu siku ya Muungano, 26 Aprili 1964, ila mezani utaulizwa uraia wa wazazi, na mara nyingine wa babu na bibi. Mzazi mmoja akiwa Mtanzania, tunza ushahidi wake kama unavyotunza hati ya kiwanja. Vyeti vya wazee wetu vingi havipo, kwa sababu wengi walizaliwa shambani na mkunga wa jadi. Ndipo viapo na mashahidi wa mtaani vinapohitajika. Unaona tumerudi kwa mwenyekiti.

Mtoto mwenye uraia wa nchi mbili, akifikisha miaka 18 lazima achague. Mtu mzima haruhusiwi kuwa na uraia wa Tanzania pamoja na wa nchi nyingine.

Bibi yangu alivuka Ruvuma wakati wa vita. Sisi wajukuu ni akina nani?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, wakati mwingine baada ya wateja wengine kuondoka. Sioni kwa nini liulizwe kwa kunong'ona. Wamakonde wako ng'ambo zote mbili za Ruvuma, na mpaka ulichorwa na Wajerumani na Wareno waliokuwa hawajui shangazi wa nani anakaa wapi. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza Septemba 1964 watu wengi walivuka kuja huku, na FRELIMO, chama kilichopigania uhuru huo, walikuwa na kambi yao Nachingwea. Msumbiji ikapata uhuru 25 Juni 1975. Baadhi wakarudi, baadhi walikuwa wameshapanda mikorosho, na mkorosho haubebeki. Siku hizi kuna hata daraja, la Umoja, pale Mtambaswala, lililofunguliwa 2010. Halafu tangu 2017 kuna vurugu za Cabo Delgado, na macho ya ulinzi mpakani yakawa makali zaidi, jambo linaloeleweka.

Kisheria, kukaa muda mrefu peke yake hakumgeuzi mtu raia. Ila kama bibi aliolewa na Mtanzania na mama yako akazaliwa hapa, wewe huna haja ya kuomba uraia. Unachohitaji ni kuthibitisha ulio nao. Kama hakuna Mtanzania popote kwenye mnyororo huo, njia ni tajnisi, yaani mgeni kuomba apewe uraia, na nenda Uhamiaji mwenyewe kabla hawajakufuata.

Nawakumbusha watu habari ya Wamakonde wa Kenya. Wazee wao walikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa ya pwani, wakazaa na kuzika huko Kwale. Majirani waliwajua. Serikali haikuwajua, na bila kitambulisho hawakuweza hata kufungua akaunti. Oktoba 2016 wakaondoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Baada ya hapo walianza kupewa vitambulisho, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Miaka themanini hivi ya kuwa wenyeji wa Kwale ilingoja safari ile ndipo iwe ya Kenya.

Tajnisi inataka nini?

Uwe umekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na ndani ya miaka kumi iliyotangulia hiyo uwe umekaa jumla isiyopungua saba. Ujue Kiswahili au Kiingereza, uwe na tabia njema, uwe na mchango kwa nchi, na ukusudie kuendelea kuishi hapa. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba kupitia ndoa. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania hana njia hiyo, anafuata tajnisi ya kawaida. Dada zetu wananiuliza kwa nini. Sina jibu la kuwaridhisha, na sidhani lipo.

Jambo moja la kuvutia: Warundi waliokimbia mwaka 1972 wakakaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikubaliwa uraia, zaidi ya watu 160,000, lakini vyeti vikakaa kwanza kwa sababu walitakiwa kuhama makazi yale na kutawanywa mikoa mingine. Walianza kupewa 2014, mpango wa kuwahamisha ulipowekwa kando. Yaani uraia ulikuwa tayari. Kilichogomba ni wataishi wapi.

Nimekaa Vigaeni miaka kumi, ushuru nalipa. Mbona sipigi kura ya mtaa?

Kwa sababu sheria imefunga kura ya mtaa kwenye uraia. Mpiga kura wa mtaa awe raia wa Tanzania, awe na miaka 18, awe mkazi wa mtaa huo. Mgombea awe na 21 na adhaminiwe na chama. Na kinyume chake ni kweli pia: raia aliyejiandikisha Vigaeni hawezi kwenda kupiga kura Rahaleo. Daftari la mtaa nalo ni lingine kabisa, tofauti na Daftari la Kudumu. Kila uchaguzi, na ule wa 27 Novemba 2024 haukuwa tofauti, wanakuja watu na kadi zao za mpiga kura wakishangaa majina yao hayamo mtaani.

Huwa nawachekesha watu kwa hili: sheria ya serikali za mitaa ya wilaya, ya mwaka 1982, inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mtu mwenye miaka 18 anayeishi kijijini kwa kawaida. Anayeishi. Neno raia halimo kwenye sentensi hiyo. Kusikilizwa mkutanoni ni kwa mkazi, kuchagua ni kwa raia. Maoni yangu ni kwamba mama mgeni aliyekaa mtaani miaka ishirini anajua mtaro gani unaziba kuliko raia aliyehamia juzi, na sioni taifa lingepungukiwa nini akichagua mwenyekiti. Lakini hayo ni maoni ya mtu wa kopi.

Kwingine wanafanyaje?

Uswisi uraia una ngazi tatu, na mlango wa chini kabisa ni manispaa yako. Sweden iliwaruhusu wageni waliokaa miaka mitatu kupiga kura za manispaa tangu 1976. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mkataba wa Maastricht wa 1992, zinawapa raia wa nchi wanachama kura ya mji wanaoishi, hata kama si wa nchi hiyo. New York ilianza mwaka 2015 kutoa kitambulisho cha mji kwa kila mkazi bila kuuliza kibali chake. Ilipojaribu kuwapa wageni kura ya mji, mahakama ya juu ya jimbo ikaifuta sheria hiyo mwezi Machi 2025. Kwa hiyo hata huko hawajaelewana.

Raia anaweza kufukuzwa mjini?

Leo hapana; ibara ya 17 ya Katiba inampa kila raia haki ya kwenda na kuishi popote nchini. Lakini waulize wazee. Mkoloni alimwona Mwafrika mjini kama mpita njia na kumrudisha kijijini asipokuwa na kazi. Baada ya uhuru ikaja sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983. Watu walizolewa Dar es Salaam wakapelekwa vijijini na kwenye mashamba ya mkonge. Raia wa taifa huru, katika mji wa taifa lao, wakaambiwa mji si wao.

Sisi wa kusini tunalijua hilo kwa jina. Wamachinga ni watu wa Lindi. Vijana wa kwetu walipojaa Kariakoo wakiuza mitumba mkononi, mji uliwaita kwa kabila, na leo kila mchuuzi wa barabarani Tanzania nzima, awe Mnyakyusa au Mhaya, anaitwa machinga. Desemba 2018 machinga wakapewa kadi kwa shilingi 20,000 ili wasibughudhiwe. Raia, ana kura, ana NIDA, na bado akahitaji karatasi ya kumruhusu kusimama kando ya barabara.

Mgeni anaweza kununua kiwanja au kufungua duka?

Ardhi haruhusiwi, isipokuwa ya uwekezaji, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999. Wanaotumia jina la mke au rafiki wanajitafutia kesi. Duka nalo: tangu Julai 2025 kuna amri inayowazuia wasio raia biashara 15, zikiwemo rejareja, uwakala wa pesa kwa simu, ufundi simu, na hii inayotuhusu sana huku, kununua mazao shambani. Msimu wa korosho uwe mwangalifu.

Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri?

Ni kwa vikundi vya raia: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu.

Ile ya gesi mwaka 2013, ilikuwa kupinga taifa?

Wengi walituhukumu hivyo. Waliosema "gesi haitoki", kuanzia maandamano ya Desemba 2012 mpaka vurugu za 22 Mei 2013, waliambiwa rasilimali ni ya taifa zima, na kisheria ni kweli. Bomba la kilomita 542 la kupeleka gesi Dar es Salaam likajengwa, likazinduliwa 2015. Siungi mkono nyumba kuchomwa, na mabomu ya machozi nayakumbuka vizuri. Lakini neno nililolisikia barabarani siku zile lilikuwa la watu wanaosema, "Sisi ni raia, haya, na sisi kama watu wa Mtwara je?" Walikuwa wanadai uanachama wa pili, ule wa mahali, na hakukuwa na ofisi yenye fomu ya dai hilo. Ushuru wa huduma unaolipwa halmashauri, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo, ndiyo karibu njia pekee ambayo sheria ilikuwa imeiweka, na wangapi waliijua?

Sina kura. Nifanye nini mtaani?

Hudhuria mikutano, semea mtaro, ingia kamati ya shule kama una mtoto, changa kwenye msiba. Jina lako liandikwe kwenye daftari la wakazi la mtaa. Weka risiti zote, za taka, umeme na kodi ya pango, kwenye bahasha moja. Siku ya tajnisi au ya mashahidi zitakutetea kuliko maneno.

Barua ya mtaa ni shilingi ngapi?

Ukitozwa, dai risiti. Kopi kwangu ni 100, na usilete kitambulisho kilicholowa.